Kupunguza Uzito Ukiwa na Ugonjwa wa Kudumu: Mwongozo Kamili wa Kubadilisha Mlo Kidogo Kidogo

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu nimewaona watu wenye bidii wakikwama mahali pale pale. Mtu anatoka kliniki akiwa ameambiwa apunguze kilo, anafika nyumbani katika mtaa wa Nairobi kama Kayole au Kawangware, na jioni hiyo hiyo anaapa kuacha ugali, chapati, sukari na chakula cha usiku kwa mkupuo mmoja. Vidonge vyake vya kisukari anaendelea kuvimeza kama kawaida. Siku ya tatu au ya nne anatetemeka, jasho baridi linamtoka, na jirani anakimbilia dukani kumletea soda. Wiki ikiisha amerudia mlo wake wa zamani, akiamini kwamba mwili wake umekataa kupungua.

Mwili haukukataa. Dozi yake ilipangwa kulingana na chakula alichokuwa akila, na kila tonge aliloliacha lilikuwa na dawa iliyokuwa ikilingoja. Kwa hiyo njia ninayoieleza hapa ni ya polepole kwa makusudi: badiliko moja, wiki mbili, vipimo, kisha badiliko jingine. Mimi mwenyewe ninaishi na kisukari cha aina ya pili pamoja na presha, na sijaona njia nyingine iliyodumu.

Lengo la kuanzia ni kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito ulio nao leo. Mwenye kilo 90 analenga kilo 4.5 hadi 9, na hata kiasi hicho kwa kawaida kinatosha kushusha sukari na shinikizo la damu kwa namna inayoonekana kwenye vipimo. Mwendo wa kilo moja au mbili kwa mwezi ni mwendo mzuri.

Mwongozo huu haumfai mjamzito, anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, anayetibiwa kifua kikuu, wala mtu ambaye uzito wake unapungua bila yeye kutaka. Hao wapangiwe mlo na daktari na mtaalamu wa lishe ana kwa ana.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Orodha ya dawa zako zote, pamoja na dozi na saa unazozimeza. Pakiti zenyewe zinafaa zaidi kuliko kumbukumbu.
- Daftari dogo na kalamu.
- Mizani moja utakayoitumia siku zote. Ikiwa huna yako, tumia ya kliniki au ya duka la dawa lililo karibu. Hata ile ya kijana anayepima watu kando ya barabara mjini inafaa, mradi iwe ile ile kila mara.
- Utepe wa fundi wa nguo, wa kupimia kiuno.
- Kipimo cha sukari cha nyumbani kwa mwenye kisukari, na mashine ya presha kwa anayeweza kuipata.
- Kijiko cha chai, kijiko kikubwa cha mezani, na sahani yenye upana wa sentimita 23 hivi. Sahani kubwa za kisasa huficha chakula kingi.
- Sukari kidogo au glukosi iliyofungwa vizuri, ikae mfukoni au mkobani kila unapotoka.

Hatua ya 1: Anza na dawa, si sahani

Nenda kliniki na orodha yako, uulize swali moja kwa kila dawa: nikipunguza chakula na uzito ukashuka, dozi hii itahitaji kubadilishwa? Usiogope foleni wala haraka ya daktari. Swali hili ni haki yako, na majibu yaandikwe daftarini palepale.

Sababu ni kwamba dawa hazifanani. Insulini na vidonge vya jamii ya glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi hushusha sukari hata kama hukula, kwa hiyo ndivyo vyenye hatari kubwa mtu anapopunguza wanga. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Anayetumia dawa za presha, hasa za kupunguza maji mwilini kama furosemidi, anaweza kuanza kuona kizunguzungu anaposimama kadiri uzito na chumvi vinavyopungua, na hiyo ni dalili kwamba huenda dozi sasa imemzidi.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze sukuma wiki na spinachi ghafla, kwa kuwa mboga hizo zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Kiasi chake cha mboga kiwe karibu sawa kila wiki, na kikibadilika damu ipimwe. Mwenye ugonjwa wa figo huenda akazuiwa ndizi, parachichi, nyanya, maharagwe na hata mboga za majani kwa sababu ya potasiamu, na katika hali hiyo maneno ya mtaalamu wake wa lishe yatangulie yangu kila mahali.

Zipo pia dawa zinazoongeza uzito. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, huongeza njaa, na dolutegraviri, iliyomo katika kidonge kimoja cha ARV (dawa za kudhibiti VVU) ambacho wengi nchini Kenya hukimeza kila siku, imehusishwa na kuongezeka kwa kilo. Nasisitiza kwa moyo wangu wote: usiache wala kuruka dawa hizi kwa ajili ya kilo. Kuacha prednisoloni ghafla baada ya kuitumia kwa muda mrefu kunaweza kuhatarisha maisha, na kuruka ARV kunavipa virusi nafasi ya kuwa sugu.

*Tahadhari.* Jifunze dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na mawazo kuvurugika. Pima ukiweza. Ikiwa kipimo kinasoma chini ya 4.0 mmol/L, kunywa maji yaliyokorogwa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, ambavyo ni gramu 15 hivi, subiri dakika 15, kisha upime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia, na ikishapanda kula chakula. Mtu aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu chochote mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja. Wafundishe hayo watu unaoishi nao, kwa maana wakati huo hutaweza kujieleza.

*Utajua umefaulu* ukiwa na jibu lililoandikwa mbele ya kila dawa kwenye orodha.

Hatua ya 2: Andika wiki nzima bila kubadilisha kitu

Kwa siku saba, kula kama ulivyozoea na uandike kila kinachoingia mdomoni. Andika mandazi ya saa nne kazini, karanga ulizonunua kwenye msongamano wa Jogoo Road, smokie ya stejini, na ukoko wa wali uliokwangua kwenye sufuria ukiwa unaosha vyombo. Andika papo hapo, kwa sababu kinachoandikwa usiku huwa nusu ya ukweli.

Siku ya kwanza, chora mstari kwa kalamu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia pale mafuta yalipofikia. Chora tena siku ya saba. Mistari hiyo miwili itakueleza mambo ambayo kumbukumbu haiwezi kueleza.

Pima uzito asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke kinaashiria mafuta ya tumboni, ambayo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na ugonjwa wa moyo.

*Utajua umefaulu* ukiwa na kurasa saba, na angalau jambo moja lililokushangaza. Jambo hilo ndilo litakalokuwa badiliko lako la kwanza. Kama halipo, anza na hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Sukari ya chai

Katika nyumba nyingi za Nairobi ninaanzia hapa, kwa sababu chai ndiyo chakula tusichokihesabu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi za sukari. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, anakunywa gramu 48, ambazo ni karibu kalori 190, kabla hajahesabu maziwa wala mandazi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya kalori zote za siku, na linaona faida zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Chai peke yake imeshamaliza karibu mara mbili ya kiasi hicho.

Fanya hivi. Siku tatu za kwanza, usipunguze idadi ya vijiko. Sawazisha tu kila kijiko kwa mgongo wa kisu, kwa sababu kijiko chenye kilima hubeba zaidi ya kile kilicho sawa. Kisha punguza nusu kijiko kila baada ya siku tatu au nne. Ulimi hujirekebisha ukipewa muda, lakini ukiushtukiza unadai chake. Mama yangu, aliyeniambia kwamba chai bila sukari ni maji ya kuoshea sufuria, alifika nusu kijiko kwa mwendo huu bila ugomvi. Tangawizi iliyopondwa, iliki au mdalasini husaidia sana, maana harufu hujaza pengo ambalo utamu umeliacha.

Kikwazo kikubwa ni chai inayotiwa sukari jikoni kwa ajili ya wote kabla haijaingia kwenye chupa. Omba familia iipike bila sukari na kila mtu ajitilie mezani. Badiliko hili moja huwanufaisha hata watoto. Ukiwa mgeni mahali, na kukataa chai kwa mwenyeji ni kumvunjia heshima, pokea nusu kikombe, ushukuru, na unywe polepole ili usiongezwe.

Soda ya mililita 300 ina gramu 30 hadi 35 za sukari, na juisi za pakiti nyingi hazitofautiani nayo sana. Asali na sukari guru ni sukari pia, hata kama muuzaji atakuambia ni dawa.

*Tahadhari.* Sukari ya dharura iliyo mfukoni haihusiki na hatua hii. Itumie wakati sukari ya mwilini inaposhuka, bila kujihukumu.

*Utajua umefaulu* siku utakapopewa chai ya zamani ya vijiko vitatu nawe ukashindwa kuimaliza kwa utamu.

Hatua ya 4: Mafuta ya sufuria na chumvi

Rudi kwenye ile mistari ya chupa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, na mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa hutia vijiko vinne au vitano bila kujua. Kuanzia leo mafuta yapite kwenye kijiko: vijiko viwili vikubwa kwa sufuria ya watu wanne vinatosha. Kwa sufuria mbili kwa siku, lita moja itawatosha watu hao siku 16 hivi. Kama yenu inaisha kwa wiki moja, mmeshajua kilo zinatoka wapi.

Kaanga kitunguu kwa moto mdogo ukiwa umefunika sufuria, na kikianza kushika, nyunyiza maji badala ya mafuta. Nyanya zikiiva hutoa maji yake na mchuzi huwa mzito wenyewe. Vibanzi, bajia na chapati za mafuta si lazima viage nyumba yako milele. Vipewe siku moja ya wiki inayojulikana.

Chumvi haiongezi mafuta mwilini, lakini inahifadhi maji na kupandisha presha, kwa hiyo naiweka hapa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Viungo vya pakiti na vya kete vina chumvi nyingi tayari, hivyo ukivitumia usitie chumvi nyingine. Anayetumia dawa za presha kama enalaprili au losatani, au mwenye figo dhaifu, asinunue chumvi mbadala bila kuuliza daktari, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na potasiamu ikipanda sana huvuruga mapigo ya moyo.

Hatua ya 5: Panga sahani upya

Usifike hapa kabla ya wiki ya tano. Hatua hii ndiyo inayogusa wanga, na kwa hiyo ndiyo inayogusana na dawa za kisukari moja kwa moja. Kama daktari alisema apigiwe simu au urudi kliniki kabla ya kupunguza ugali, fanya hivyo sasa.

Gawanya sahani kwa macho. Nusu iwe mboga: sukuma wiki, kabichi, managu, terere, kunde au mchanganyiko. Robo iwe maharagwe, ndengu, omena, samaki, yai au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, chapati au viazi. Ugali wako uwe na ukubwa wa ngumi yako mwenyewe iliyofungwa. Ikiwa leo unakula ngumi tatu, wiki ya kwanza kula mbili na nusu, na ya pili mbili. Shuka hivyo hivyo. Usiruke hadi moja.

Mahali ambapo watu hukosea zaidi ni kwenye hesabu ya mboga. Viazi, nduma, matoke na mahindi ni wanga, hata vikiwa ndani ya mchuzi. Chapati kwa mchuzi wenye viazi ni wanga juu ya wanga. Githeri nayo hutegemea mkono wa mpishi: mahindi mengi na maharagwe ya kuhesabu ni sahani ya wanga, lakini maharagwe yakizidi mahindi na kabichi au karoti zikaongezwa, inakuwa chakula bora kabisa, tena cha bei nafuu.

Ugali ukiwekwa katikati ya meza na kila mtu akimega, hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kata sehemu yako mwanzoni, uiweke sahanini, na umegee hapo. Anza na mboga na maharagwe, ugali ufuate. Mpangilio huo husaidia sukari isipande kwa kasi, na tumbo hujaa kabla mkono haujafikia kuongeza.

Unga usiokobolewa wa kinu cha mtaani una nyuzinyuzi zaidi kuliko ule mweupe wa pakiti na hushibisha mapema. Lakini ugali wa kahawia, hata uliochanganywa na wimbi, unabaki kuwa ugali. Nimewaona watu wakiongeza tonge kwa sababu rangi imebadilika, na kilo zikaongezeka pamoja nalo.

*Utajua umefaulu* kwa dalili mbili. Ya kwanza ni kwamba unafika saa ya mlo ufuatao ukiwa na njaa ya kawaida, si njaa ya kuumwa. Ya pili, kwa mwenye kisukari, ni kipimo cha saa mbili baada ya kula kuanza kushuka. Madaktari wengi hulenga chini ya 10 mmol/L, ila lengo lako ni lile lililoandikwa kwenye kadi yako.

Hatua ya 6: Siku ndefu ya mjini

Anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi saa tatu usiku hukosa chakula cha mchana, kisha hula milo miwili kwa pamoja kabla ya kulala. Kwa mwenye kisukari hilo ni hatari mara mbili: sukari hushuka mchana na kupanda usiku. Beba chakula cha mchana, au ule kibandani kwa kuagiza hivi: ugali nusu, mboga mara mbili, maharagwe. Mama wa kibanda atakuzoea baada ya siku chache na atakuwekea bila kuulizwa.

Kwa njaa ya njiani, yai la kuchemsha lenye kachumbari lina nafuu kuliko smokie au mandazi. Hindi la kuchoma nalo lihesabiwe kama wanga wa mlo huo.

Hatua ya 7: Pima na usome unachoandika

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, na kiuno mara moja kwa mwezi. Uzito hupanda na kushuka kwa maji, choo na hedhi, kwa hiyo usihukumu wiki moja. Linganisha wiki nne.

Kama wiki nne zimepita na hakuna mabadiliko, angalia kwanza chupa ya mafuta, kisha chai za ugenini, kisha ugali uliorudi kuwa ngumi mbili na nusu. Mara nyingi jibu liko katika moja ya hayo matatu.

Lakini si kila kilo ni mafuta. Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo, huo ni maji, na ukiambatana na kubanwa pumzi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Amlodipini, dawa ya presha, nayo huweza kuvimbisha miguu, jambo la kumwambia daktari badala ya kujinyima chakula.

Vilevile, si kila kilo inayopungua ni ya kushangilia. Kupungua pamoja na kiu kali na kukojoa mara kwa mara kwa kawaida ni sukari iliyopanda sana. Kupungua pamoja na kikohozi, homa au jasho la usiku kunahitaji kipimo cha kifua kikuu. Nazo chai za kupunguza uzito zinazouzwa mitaani, nyingi huwa na majani ya kuharisha kama sena: kinachopungua ni maji na potasiamu, na anayetumia furosemidi au dawa ya moyo kama digoksini anaweza kudhurika vibaya.

Hatua ya 8: Rudi kliniki na daftari

Baada ya miezi mitatu, peleka daftari lote: uzito, kiuno, sukari, presha, na siku ulizoona kizunguzungu au kutetemeka. Mwenye kisukari aombe kipimo cha HbA1c, kwa sababu kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, yaani kipindi kile kile ulichokuwa ukibadilisha mlo.

Daktari akipunguza dozi, andika tarehe na dozi mpya kwenye orodha, ukate ile ya zamani kwa mstari, na umwonyeshe anayekusaidia dawa nyumbani. Kisha kaa kwenye mlo huo huo wiki mbili bila badiliko jingine, ukipima sukari kabla ya kifungua kinywa na kabla ya kulala, mpaka uone jinsi mwili unavyopokea dozi ndogo.